Kabla Iliyopigwa Baadaye

Mamlaka ya Ustawi wa Nyanda Kavu ilitangaza kwa furaha isiyo kifani kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna jambo lolote la maendeleo litakalohesabiwa kuwa limetokea mpaka liwe ndani ya albamu. Visima vilivyochimbwa bila albamu viliombwa viwe na subira. Mbuzi waliogawiwa bila albamu walihesabiwa kuwa bado hawajagawiwa, na wananchi waliokwisha kuwachinja walitakiwa kujieleza.

Aliyekabidhiwa mzigo huu alikuwa Bwana Guracha Doyo, Mkurugenzi wa Albamu na Mfuatano, mwenye ofisi juu ya duka la magodoro pale Bulla Pesa, mjini Isiolo. Guracha alikuwa mtu wa kazi, asiyetaka mchezo. Alikuta maktaba ya picha ya Mamlaka ni fujo tupu, maelfu kwa maelfu ya picha zimerundikwa ndani ya kompyuta kama mitumba siku ya soko, harusi ya binti wa mhasibu imechanganyika na chanjo ya ngamia. Akazipanga zote. Kulikuwa na albamu ya Kupeana Mikono Ndani na ya Kupeana Mikono Nje. Kulikuwa na Viongozi Wakionyesha kwa Kidole, nayo ilipofura ikagawanywa: Kitu Kinaonekana, na Kitu Hakionekani. Hii ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa. Mwishowe ikaja albamu ya kuorodhesha albamu, na Nyawira, karani wa kompyuta, alipouliza kama hiyo nayo ijiweke ndani ya yenyewe, aliambiwa kwamba suala hilo liko mbele ya kamati.

Lakini roho ya mfumo mzima ilikuwa albamu mbili tu, Kabla na Baada. Kila mradi sharti uwe na Kabla, ambapo wananchi wana shida, na Baada, ambapo wanacheka. Bila Kabla, stoo haitoi hata msumari. Zaidi ya hayo, Guracha alikuwa amepiga marufuku kugusa tarehe za picha, kwa sababu maofisa fulani wa nyanjani walikuwa wamepiga picha ya bwawa moja na kulifungua upya kila mwaka kwa kubadilisha tarehe tu. Maktaba sasa ilijipanga yenyewe kwa siku na saa, na Guracha alijivunia jambo hilo kuliko watoto wake.

Hapo ndipo alipopanda ngazi mama mmoja kutoka Rapsu, mkulima wa vitunguu, jina lake Tari.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama. Keti."

Tari hakuketi. Ng'ombe wake wote walikuwa wameisha kwa ukame, na alichobaki nacho ni shamba la vitunguu vilivyokuwa vimeanza kutunga vichwa. Mafuriko yalikuwa yamebomoa ukuta wa mfereji, wakulima wakauziba kwa magunia ya mchanga, na maji yakarudi. Lakini mvua nyingine ilikuwa njiani, na magunia si ukuta.

"Simenti yenu naiona hapo chini kwa dirisha ya stoo," alisema. "Imekaa mpaka inataka kugeuka mawe. Tupeni tujenge."

"Hilo ni jambo dogo sana, mama. Picha ya Kabla iko wapi?"

"Kabla ya nini?"

"Mfereji ukiwa umevunjika."

"Ulipovunjika tulikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, tunabeba magunia. Nani alikuwa na mkono ya kushika simu?"

Guracha alisikitika kutoka moyoni. Hivi ndivyo wananchi wanavyojinyima maendeleo: wanapata shida, kisha wanaitatua ovyo ovyo bila kumwita mtu. Hata hivyo hakuwa na roho mbaya. Aliamua kwenda Rapsu mwenyewe, na Nyawira akabeba kamera.

Walifika jua likiwa zuri. Maji yalikuwa yanapita, vitunguu vimestawi, wakulima wamesimama kwa mstari wakidhani simenti iko nyuma ya gari. Kwa busara ya kiutawala Guracha aliona ni vyema kuanza na Baada, kwa kuwa mwanga wa Baada ulikuwa tayari. Utepe ukafungwa juu ya mfereji, Guracha akaukata, watu wakaambiwa wacheke, wakacheka.

"Sasa," akasema, akikunja utepe kwa matumizi ya mradi mwingine, "tunaomba mvunje kidogo, tupate Kabla."

Wakulima walitazamana. Kuna mtu mmoja, Abdighani, mwenye shamba la mwisho kabisa, aliyeomba arudiwe kwa Kiborana, na aliporudiwa alitamani asingeuliza.

"Tuvunje nini?" Tari aliuliza.

"Hapo penye magunia. Ni ya picha tu. Simenti itafika kesho."

"Leteni simenti kwanza, basi."

"Mama, simenti haiwezi kutangulia Kabla. Utaratibu hauruhusu."

Kama Tari angekataa, simenti ingebaki stoo na mvua ingekuja kuchukua kila kitu. Alijua hivyo, na Guracha alijua kwamba anajua, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wa jambo lenyewe.

"Mkono yangu haiwezi bomoa hii kitu," alisema. "Wewe ndiye unataka. Shika jembe."

Guracha akavua koti. Alikusudia kutoboa gunia moja, tundu la ukubwa wa sahani, la kutosha fremu. Nyawira akapiga picha ya kwanza, na ya pili, na kufikia ya tatu magunia yalikuwa yamekwisha kuondoka. Maji yalitoka yakaenda kwenye vichaka, yakaviacha vitunguu vikiyasikia kwa mbali. Hakuna aliyeambiwa ahuzunike, na bado ilikuwa Kabla bora kabisa katika maktaba nzima.

Simenti haikufika kesho yake. Picha zilipaswa kwanza kuingia albamu.

"Bosi," Nyawira alisema akiwa mbele ya kompyuta, "hii kitu inajipanga kwa saa. Inaanza na utepe, inamalizia na wewe na jembe."

"Watu wa makao makuu wanasoma majina ya albamu, Nyawira. Nani hufungua picha?"

Aliyefungua ni Mkaguzi Gikunda, mzee mkimya kutoka Nairobi aliyekuwa akiitafuta picha ya kisima fulani. Alikuja Isiolo wiki hiyohiyo, akaketi kwenye kiti cha Guracha bila kuuliza.

"Hii ya kwanza ni nini?"

"Baada, mzee."

"Na hii ya mwisho, wewe na jembe?"

"Kabla."

"Kwa hiyo Baada ilitangulia."

"Jua lilikuwa zuri, mzee."

Gikunda alisafisha miwani yake. "Kama tarehe zina makosa, basi albamu zako zote zina makosa na hujafanya kazi tangu uajiriwe. Kama tarehe ni sawa, basi uliwakuta watu na maji, ukakata utepe, ukawaacha bila maji. Chagua."

Guracha aliomba suala lipelekwe mbele ya kamati.

"Kamati ni mimi," alisema Gikunda.

Uamuzi ulitoka kabla ya chai kupoa. Kwa kuwa sasa Kabla ya kweli ilikuwa imepatikana, simenti itolewe leo. Mkurugenzi ataandamana nayo hadi Rapsu na kukaa huko mpaka apate Baada halali: maji yanapita, na mnufaika yumo ndani ya picha akicheka kwa hiari yake. Hadi siku hiyo, kibao cha jina lake kitaondolewa mlangoni.

Nusu ya vitunguu vya Tari vilikuwa vimenyauka. Hakumsalimia Guracha, na hilo lilimuuma kuliko kibao. Alimpa karai tu, akamwonyesha mchanga. Guracha alibeba mchanga, akabeba mawe, akakoroga simenti mpaka mikono ikatoka malengelenge, akalala kwa Abdighani, aliyemkaribisha kwa adabu na kumwamsha mapema. Ukuta ukasimama. Maji yakarudi shambani, na Guracha, ambaye hakuwa amewahi kuona maji yakifika mahali, alisimama akiyatazama mpaka akasahau kidogo shida yake.

Kisha akakumbuka. Nyawira aliitwa aje na kamera.

"Mama Tari, simama hapa karibu na maji. Cheka kidogo tu."

Tari aliitazama kamera. Akatoka nje ya fremu, akaenda kuinama kwenye vitunguu vyake.

"Picha bado."

"Bado nini? Maji si hayo?"

"Maji ni hayo. Lakini sisi tunawajua. Mkishapata picha, hamrudi tena." Aling'oa kitunguu kilichokauka, akakitupa kando. "Huko juu kuna ufa. Halafu mfereji haijafika kwa Abdighani sawasawa. Halafu hii nusu yangu nataka kupanda upya. Hiyo ikikomaa, nikivuna, nikiuza, uniite. Nitacheka."

Guracha alimgeukia Nyawira, ambaye alikuwa amekwisha kufunika lenzi na kuirudisha kamera begani.

"Na hata kwa siri usipige," Tari alimwambia Nyawira bila kugeuka. "Huyu ni wetu bado."