Siku Antipasi Alipochanganya Alizeti ya Mama Joyce

Sogeeni, enyi watu wa Mwankoko mlioketi juu ya magunia mkingoja zamu. Zimeni simu, niwasimulie vita niliyoiona kwa macho haya mawili, mimi Simeoni mwendesha mashine ya kukamua alizeti, niliyeishia darasa la tano lakini sijawahi kuongopa kuhusu mafuta.

Ilikuwa mwezi wa saba, alizeti imejaa kila nyumba, na mashine yangu ikinguruma tangu asubuhi. Akaja Mama Joyce, Yasinta kwa jina la ubatizo, mjane mkaanga maandazi, mshika mwiko asiyetikisika, na madebe mawili aliyoyapepeta siku tatu mpaka hayana hata vumbi. Nyuma yake akaja Antipasi, shujaa wa shati moja la kutokea, ambaye kwa misimu mitatu alikuwa akiotea siku ya mama huyo kuja kukamua na hajawahi kuvuka salamu.

Mashine ilipoanza kumeza mbegu za mama, Antipasi, macho yakiwa kwa Yasinta na akili ikiwa hukohuko, akainua gunia lake la alizeti lenye mchanga wa shamba zima, akalimimina mlemle.

Mafuta yakatoka mamoja. Mama Joyce akatangaza mbele ya jeshi lote la wateja kwamba akishajaza dumu lake anahamia mashine ya barabarani, na uso wa Antipasi hataki kuuona mpaka kiyama. Misimu mitatu, ndugu zangu, ilikuwa inamwagika hivihivi.

Shujaa akavua kofia, akapanda juu ya rundo la mashudu, akanena.

"Mama Joyce, nionyeshe tone lako, kisha nionyeshe langu. Huwezi. Kanisani wanahangaika miezi kuunganisha watu wawili. Simeoni katuunganisha kwa dakika kumi."

"Langu ni lile lisilo na mchanga," mama akajibu bila kumtazama. "Na mashudu nayo yamechanganyika. Hayo nawapa nguruwe."

Jeshi likacheka. Nami nilicheka, sifichi. Mama akashika kopo, akaanza kugawa: kopo kwake, kopo kwa adui, na kwa upanga huo wa bati akaikata hoja ya mwanamume vipande viwili.

Antipasi akamwacha agawe hadi kopo la mwisho. Kisha akashuka kwenye mashudu, akasema taratibu:

"Umegawa mafuta, mimi hukunigawa. Nusu yangu imo kwenye dumu lako. Kesho asubuhi utaniweka kwenye karai, nitakuwa jikoni kwako sijapiga hodi, wala mama yako sijampa shikamoo. Mwanamume kuingia hivyo ni aibu. Afadhali nipite mlangoni, watu wakiona."

Mama Joyce akafunga kifuniko cha dumu. Akakifunga tena, na kilikuwa kimeshafungwa. Nikaona mdomo wake ukipigana na kicheko, mdomo ukashindwa.

"Jumapili, baada ya ibada," akasema. "Mlangoni. Na uje na ungo, nina gunia lingine. Nataka nikuone ukitoa mchanga."

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, kwamba saa nane mchana ngome isiyowahi kutekwa ilifunguliwa kwa hoja ya mafuta ya kupikia, na mshindi akaondoka akiimba, baiskeli yake kaisahau. Andikeni pia kwamba ungo aliokwenda nao vitani aliuazima kwangu. Huu ni msimu wa pili haujarudi. Uko jikoni kwa Mama Joyce, na mwazimaji yuko hukohuko, anapepeta.