Hema Linalohema

Jumatatu, 7 Aprili

Kanali amekuja na kikohozi chake cha viongozi. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Jeshini hakukanyaga, alikuwa mtunza stoo wa shule, lakini anavyotoa amri hata paka wetu huketi wima. Ametangaza kwamba Jumamosi ukoo unapanda mlimani kulala siku mbili karibu na maporomoko. Nikamuuliza kiangazi kimemkosea nini hata achague masika. Akasema kiangazi yale maporomoko ni mkojo wa mbuzi, anayetaka kuyaona aende wakati wa mvua.

Mke wangu akaacha kuchambua mchele. Humu ndani nitamwita Jaji, kwa kuwa tangu nimuoe sijashinda kesi. Akasema ametamani kuyaona maji hayo tangu usichana wake. Kanali akajibu kwamba basi dada atalala kwenye hema lake yeye, lina vyumba vitatu, na shemeji abaki nyumbani alinde kuku.

Shemeji ni mimi.

Mtu akikupokonya mke huku anakunywa chai yako, utafanyaje? Nikasema nina hema langu. Sina. Jaji akanitazama vile anavyomtazama muuza samaki anayeapa, kisha akatoa hukumu. Atalala kwangu iwapo hataloa, iwapo ataweza kuketi wima akafunga kilemba bila kichwa kusukuma paa, na iwapo hema lenyewe nitalibeba mwenyewe, maana gari linaishia chini ya mlima na mgongo wangu anaujua. Likishindwa, anahamia kwa mdogo wake. Na Kanali atasimulia habari hiyo kwenye kila arusi mpaka wanizike.

Jumanne, 8 Aprili

Sikujua dunia imefika hapa.

Nimeingia duka la vifaa vya safari nikidhani hema ni turubai na mti. Muuzaji, binti mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akachukua kifuko cha ukubwa wa mto wa kulalia. Akatoa kitita cha fito fupi, akakirusha hewani. Fito zikaungana zenyewe, kaka-kaka-kaka, kama wanafunzi waliosikia kengele. Ndani mna kamba ya kuvutika. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Wateja wengine wakaanza kuguna, ndipo nikaona haya kidogo.

Nikachagua lile dogo kabisa, limeandikwa la watu wawili. Nikatambaa ndani, nikalala chali. Bega la kulia limegusa ukuta, la kushoto pia. Nikauliza kutokea ndani yule mtu wa pili anakaa wapi. Binti akasema, babu, hao watu wawili ni wa kiwandani. Wanapimwa wamenyooka kama rula, hawana mzigo, hawageuki, hawagombani. Wawili wa kweli wachukue la watatu. Nikauliza kama hao wa kiwandani wameoana. Akasema kwa namna wanavyolala, haielekei.

Makubwa nayo yapo, lakini mfuko wake ni kama gunia la saruji. Hayo ni ya akina Kanali, wenye wakwe wa kubebeshwa.

Kisha akaniuliza mama ana kimo gani. Nikakwama. Maisha yangu yote nimekuwa fundi pancha, kipimo cha tairi la kila lori lililopita mji huu nakijua kwa kichwa. Cha mke wangu sikijui.

Jumatano, 9 Aprili

Jaji amejilaza baada ya chakula cha mchana. Nikanyata na kamba. Kichwa mpaka kisigino, sawa. Nilikuwa naanza upana akafumbua jicho moja. Akauliza, taratibu kabisa, kama ninampimia jeneza.

Nikasema hapana, hema. Akauliza tofauti yake ni nini. Nikasema hema lina zipu.

Nilitarajia kofi la mto. Badala yake akasema nilivyokwisha kuanza nipime mabega vizuri, hataki kubanwa katika hilo wala katika lile lingine. Halafu akaketi mwenyewe, akainua mikono juu kama anayefunga kilemba, akaniamuru nitie fundo la kamba kwenye kiwiko, siyo utosini. Akasema wanaume hupima kichwa wakasahau kwamba viwiko navyo vinahitaji paa.

Nimefikiria jambo hilo jioni nzima. Miaka yote hiyo viwiko vyake vimekuwa vikipita juu ya kichwa chake kila asubuhi, na mimi niko palepale natafuta kiatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimelipata. La watu watatu wa kiwandani. Kuta zake zinapanda wima kabla ya kuinama, kwa hiyo nafasi iko juu, pale ambapo mahema mengine huiba. Kamba ya Jaji nimeisimamisha ndani mpaka fundo la kiwiko, na paa bado liko mbali. Sakafu imekunjwa pembeni kama beseni, maji ya chini hayapandi. Mlangoni kuna kibaraza cha viatu vyenye tope. Likikunjwa lote naliweka kwapani kama jogoo.

Lina matabaka mawili, kitambaa chepesi ndani na koti la mvua nje, na katikati yake nafasi ya hewa. Binti akamwaga kikombe cha maji juu ya koti. Maji yakajikunja shanga shanga, yakateremka mbio kama yamefukuzwa. Nikasimama nikitazama kitambaa hicho kwa heshima niliyokuwa nayo kwa mkuu wangu wa shule, kabla hajanifukuza.

Ndipo binti akanionyesha matundu. Mawili makubwa huko juu, yamefichwa chini ya vikofia. Akasema hayo nisiyafunge hata mvua inyeshe vipi. Hema lazima liheme, mzee wangu.

Nikacheka. Nikasema hema linahema, panga linapanga? Akacheka naye, lakini akarudia: usiyafunge. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu kina adabu sana, huitikia kila kitu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimelisimamisha sebuleni baada ya kutoa meza. Jaji akavua ndara kwenye kibaraza, akaingia, akaketi, akafungua kilemba, akakifunga upya. Viwiko vikapita. Aligusa ukuta kwa kidole kama anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

Baadaye ametoka kwenda sokoni, nikabaki na yale matundu. Tukatazamana.

Nisemeje. Mtu ameishi kwa kuziba. Nikisikia hewa inatoka mahali, mkono wenyewe unatafuta gundi. Na hapa nimenunua kitu cha kuzuia mvua, kina matundu mawili, na nimeambiwa niyaheshimu. Yule binti ni mzuri lakini hajawahi kuketi barabarani na tairi la lori.

Nimekata viraka kutoka tyubu ya baiskeli. Nimepiga msasa, nimepaka gundi, nimengoja ikauke kidogo, nimebandika. Hata vitundu vidogo nilivyovikuta pembeni, kiraka kwa kiraka. Kisha nimelitoa uani, nikajifungia ndani na kutega sikio kama ninavyosikiliza tairi. Kimya. Jirani akalimwagia ndoo kadhaa juu. Halikuingia tone. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na siwezi kumwonyesha mtu.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumepanda mvua ikinyesha. Mimi na hema langu kwapani. Nyuma, wakwe wa Kanali wamebeba kasri lake kama wanaopeleka mgonjwa hospitali.

Langu limesimama mara moja. La Kanali limegoma. Yeye yuko chini ya mwavuli anaamuru fito kumi na ngapi sijui, wakwe wameloa mpaka kwenye nia, na kila wakiinua upande huu ule unalala. Nikampitia nikamuuliza kama Kanali anahitaji msaada wa raia. Akaniambia nikae kwenye kiota changu.

Jaji ameingia kiotani, amefunga kilemba, amesema, "Haya." Katika ndoa yetu "Haya" ni nishani.

Alasiri tumeenda kwenye maporomoko. Nilikuwa nimeandaa mzaha, kwamba nani huko juu amesahau kufunga bomba. Tukatokea kwenye kona. Mdomo ulifunguka, mzaha haukutoka. Mlima mzima ulikuwa unamwagika. Mawe yanatetemeka mpaka kwenye magoti yako, na ule moshi wa maji unapanda juu badala ya kushuka, kama maji yameghairi. Jaji akanishika kiwiko na hakukiachia njia nzima ya kurudi, hata pale njia ilipokuwa nyembamba na ikabidi tutembee upande upande kama kaa.

Jumapili, 13 Aprili

Alfajiri tone limenigonga puani. La pili likamgonga Jaji.

Nikajua kuna pancha. Nikapapasa dari yote nikiitafuta. Haipo. Lakini kila nilipogusa, ukuta ulitoa machozi. Mvua imeacha nje na inanyesha ndani. Sijawahi kuona kitu kama hicho, nikasahau hata kuogopa.

Jaji akawasha tochi, akaimulika juu, akaona kiraka. Akauliza ni kitu gani. Nikasema ni nyongeza. Akakiingiza ukucha, akakibandua. Upepo wa baridi ukaingia, hema zima likashusha pumzi, hivi hivi nimelisikia. Akasema hayo maji si ya mbinguni, ni pumzi zetu wenyewe zimekosa pa kutokea. Akanitazama. "Mzee, umeliziba hema pua."

Akachukua blanketi lake, limeloa, akaenda kwa mdogo wake. Kanali akamfungulia mwavuli. Hakunikejeli, hakukohoa hata. Ningepata nafuu angenitukana.

Baada ya chai Jaji akarudi na kisu. Amebandua viraka vyote, amefuta kuta kwa kanga kuukuu, ameanika blanketi. Nikaona nimesamehewa. Akasema usiku huu anarudi kulala hapa. Nikamwambia karibu mama, nafasi ipo.

Akasema, "Nimesema ninarudi. Sikusema tunarudi."

Jumatatu, 14 Aprili

Nimelala kwa Kanali. Chumba changu ni kile chenye kuvuja. Amenisimulia habari za stoo, tangu chaki mpaka mifagio, na kila nikisinzia ananiita shemeji.

Kulipopambazuka nikatoka kwenda kulitazama hema langu. Mvua ilikuwa nyembamba. Shanga za maji zilikuwa zinateremka kwenye koti, na koti lenyewe likiinuka na kushuka polepole, likiinuka na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala vizuri. Nikasimama nikiloa. Yule binti hakuwa ametania. Linahema kweli.

Hema halina pa kubisha hodi. Nikakohoa. Sauti ya Jaji ikasema kutoka ndani kwamba kuna mzee anakohoa hapo nje, apelekwe kwa Kanali akapewe dawa. Kisha zipu ikafunguka kiasi cha mkono, ukatoka mkono wake, mkavu kabisa, una kipande cha mkate. Akasema mwakani anakuja tena, na hema linakuja. Mimi nitaleta maombi. Ila kwanza niishi naye nyumbani bila kuziba kitu, aone.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimerudi dukani kumwomba radhi yule binti. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Somo nimelishika na ninaliandika hapa lisipotee: hema lisizibwe. Sitaziba tena hema maishani mwangu, hata nikiombwa.

Jaji amekwenda kwa Kanali, atarudi jioni. Mvua imeanza tena na upepo unapuliza kutoka upande wa chumbani. Nimechunguza chanzo. Ukutani, juu kabisa ya dirisha la kitanda chetu, kuna matundu. Safu nzima, wazi kabisa. Tumelala chini yake miaka yote na hakuna aliyeona, wajenzi wa siku hizo walikuwa wazembe ajabu.

Nataka akirudi akikute chumba kikavu, chenye joto, auone moyo wangu. Maombi ya mwakani yaanze vizuri.

Na hili si hema, ni nyumba. Ngazi nimekwisha kuazima.