Mkono wa Kukodi

Itangazwe kwa wote wenye masikio, walioko nyumbani na walioko safarini, ya kwamba kisa hiki kimeandikwa kwa madhumuni matukufu ya kuuelimisha umma juu ya umuhimu wa chanjo kabla ya kusafiri kwenda nchi za joto. Atakayekisoma ataelimika, atatulia moyo, na huenda akatokwa na machozi ya shukrani.

Kwa kweli kinahusu tapeli aliyevuliwa viatu.

Mjini walimwita Balozi, kwa kuwa alishinda kutwa akizungumzia nchi za nje, naye hajapata kuvuka kituo cha mwisho cha basi. Alikuwa na suti moja ya kijivu, viatu vya ncha vinavyong'aa kama kioo, na sauti ya msoma taarifa ya habari. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea ukuta wa kliniki ya wasafiri, akinusa riziki. Dirishani aliona foleni ndefu, wanafunzi wa safari ya shule wakiwemo, na juu ya vichwa vya watu mabango: lala ndani ya chandarua, chemsha maji ya kunywa, usimpapase mbwa usiyemjua.

Mara mlango ukafunguka kwa kishindo, akachomoka mwanamume mnene, jasho likimchuruzika, shati limekunjwa mpaka begani. Huyu alikuwa mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Mtaani waliomkopa na wasiomkopa walimwita Tajiri. Ujana wake wote alibeba mifuko ya saruji mgongoni, na sasa alikuwa anakimbia kitu chenye uzito wa kalamu.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Balozi.

"Marahaba. Usiniulize kitu."

"Sikuulizi. Nakupa pole tu. Ile sindano nimeiona. Wanachanjia watu au wanachimbia visima?"

Tajiri akashika ukuta. "Binti yangu kajifungua ughaibuni. Mjukuu wangu wa kwanza! Mama yake katangulia kwenda huko, tiketi yangu iko mezani, na bila kadi ya homa ya manjano sipandi ndege. Leo ni mara ya tatu natoka mbio. Mara ya kwanza niliwaambia nimesahau kuzima pasi."

"Mara ya pili?"

"Pasi hiyohiyo."

Balozi akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Mzee, umewahi kuisoma sheria ya chanjo? Inasema sindano iingie mkononi. Haijasema mkono wa nani."

Tajiri aliacha kuhema.

"Mimi ni mkono mbadala," aliendelea Balozi, akiweka kiganja kifuani. "Nimechanjwa kwa niaba ya wakurugenzi. Nimechanjwa kwa niaba ya timu nzima ya mpira, pamoja na kocha. Wewe unapata kadi, mimi napata maumivu. Najitolea, isipokuwa gharama."

Gharama ilipotajwa, Tajiri alisahau kuogopa. Macho yakamrudia ya dukani.

"Lakini mikono unayo miwili."

"Ndiyo, mzee."

"Basi wa pili mwekee shemeji yangu, naye anasafiri. Unifanyie bei ya jumla."

"Wa kushoto ni dhaifu kidogo, mzee."

"Hapo sasa unipunguzie. Na paja?"

"Paja la nani?"

"Lako. Nina mama mkwe."

Wakapatana. Tajiri akatoa noti, Balozi akazilaza mfuko wa ndani wa koti kwa upole wa mlezi anayelaza kichanga. Mpango wake ulikuwa mwepesi: anaingia kwa mlango wa mbele, anatokea dirisha la choo, na huko nyuma ya kliniki hakuna anayemjua. Kusogelea sindano hakukuwemo kabisa, maana kuna jambo ambalo Balozi hakulitaja kwenye sifa zake. Aliogopa sindano kuliko alivyoogopa polisi. Enzi za shule, gari la chanjo lilipoonekana getini, yeye ndiye aliyeruka dirisha la bweni akiwa amejifunga shuka, na tangu siku hiyo mkono wake ulikuwa haujaguswa na sindano.

"Ningojee hapa, mzee. Sichelewi."

"Nikungojee?" Tajiri alicheka. "Kijana, mimi sijapokea lori la mchanga bila kulipanda nikachomeka fimbo mpaka chini, nione kama katikati hawajajaza takataka. Nimenunua sindano. Nataka kuiona ikiingia."

"Lakini..."

"Na viatu vua."

"Viatu?"

"Fundi akichukua hela kabla ya kazi, ananiachia kitu. Fundi bomba ananiachia spana. Wewe spana huna."

Watu wa foleni walishuhudia Balozi akiingia na soksi, moja ikiwa na kidirisha cha dole gumba, na nyuma yake Tajiri amebana viatu vya ncha kwapani, mkono mwingine umeshika mshipi wa suruali ya kijivu. Balozi aliomba kupita chooni kwanza, lakini dirisha la huko lilikuwa limepigwa misumari, na Tajiri, kwa jicho la mwenye duka, alisifu ubora wa misumari hiyo.

Chumba cha sindano kilikuwa kidogo: meza, viti viwili, kitanda cha chuma chenye shuka lililoning'inia karibu kufika sakafuni, na muuguzi mkuu, mama mwenye mabega mapana aliyekwisha kuziona hila zote za wanadamu. Tajiri alibaki nje ya pazia, akichungulia. Balozi akaona upenyo. Akamwinamia muuguzi sikioni.

"Sista, yule ni baba yangu mdogo. Anaogopa sana, maskini. Tumfanyie mchezo: jifanye unanichoma, aone si kitu, apate moyo."

"Wazo zuri, mwanangu," alinong'ona muuguzi. "Nawe unasafiri naye?"

Jibu sahihi lilikuwa hapana, neno dogo lisilo na gharama. Lakini Balozi hajapata kuulizwa kuhusu safari akakana.

"Bila shaka, sista. Huko ni kama nyumbani."

"Kadi yako iko wapi?"

"Niliisahau. Hotelini."

"Inatokea sana," alisema muuguzi kwa huruma. "Kaa hapo. Tazama bango la mbu."

Balozi akatabasamu, akakunja shati, akamtazama mbu. Mbu akamtazama. Sindano ikaingia.

Alilia "Mamaaa!" kwa sauti ambayo haikuwa ya msoma taarifa yoyote. Mlinzi alikuja na rungu. Kwenye foleni, kitoto kichanga kilichokuwa kikilia tangu asubuhi kilinyamaza kusikiliza.

Tajiri alifungua pazia kwa hofu, akamwona mkono mbadala wa wakurugenzi amejikunja kitini akipuliza bega lake mwenyewe, akaitazama sindano iliyomliza, nyembamba kama unywele. Kwanza akaguna. Halafu akacheka. Alicheka mpaka tumbo likamtikisika, mpaka akalazimika kukalia kiti cha pili.

"Kadude haka? Sista, hebu nichome upesi, kabla sijamaliza kucheka!"

Akachomwa akicheka, akabandikwa pamba akicheka, akaandikiwa kadi yake ya njano. Alilisoma jina lake, akaibusu kadi. Kisha akanyoosha kiganja mbele ya Balozi.

"Hela yangu. Ulinikodisha mkono, nimetumia wangu."

"Mzee, mimi nimeumia kweli!"

"Umeumia kwa niaba yako mwenyewe."

Mlinzi alikuwa bado mlangoni na rungu lake, kwa hiyo noti zikatoka. Tajiri akaziangalia, akamwangalia Balozi, akaona haya kidogo kuondoka bila kumwachia zawadi.

"Sista, kwa msafiri kama huyu kumebaki chanjo gani?"

"Nyingi tu. Homa ya ini, homa ya matumbo, pepopunda, homa ya uti wa mgongo."

"Mchome zote. Nalipa mimi, kwa hela hii hii."

Balozi akajivuta nyuma. Aliteleza kutoka kitini mpaka sakafuni, shavu likalala kwenye saruji. Akiwa huko chini, amepoteza hela, amepoteza viatu, muuguzi anavunja kichupa kingine, alitupa jicho chini ya kitanda. Na ile sauti ya taarifa ya habari ikamrudia.

"Sista, nikikupa mkono mwingine, mpya kabisa, utaniachia wangu?"

"Mkono wa nani?"

Balozi akainua shuka la kitanda.

Msimulizi wa kisa hiki angependa sana kuishia hapa. Lakini alikuwa amekwisha shikwa kifundo cha mguu, akaburutwa nje, sweta lake la shule likiwa limejaa vumbi, huku wenzake wa safari ya shule wakichungulia pazia. Watu wote walipokuwa wakimkodolea macho msimulizi, Balozi alikwapua viatu vyake kwapani mwa Tajiri na kupita mlangoni kama upepo.

"Ulikuwa unafanya nini kule chini?" aliuliza muuguzi mkuu.

Msimulizi alijibu kwamba alikuwa kwenye utafiti.

"Utafiti gani?"

Akakiri basi. Kwamba aliaga anakwenda chooni. Kwamba anaogopa.

Tajiri akavuta kiti. "Njoo hapa, babu. Nishike mkono, bure kabisa. Na mimi nahitaji mazoezi ya wajukuu."

Iliuma kidogo tu. Yale makelele yalikuwa ya kumpa muuguzi moyo.