Kioo cha Kuhariri Harusi ya Dorothea

Jumatatu, 1 Juni 1998
Mzee Batholomeo, karani wa wizara, kanipa kazi. Harusi ya binti yake Dorothea: mikanda mitatu, niihariri iwe mmoja. Jumapili wakwe wa Dorothea, watu wa kijiji cha Haneti, wanakuja kwa mzee, Mkonze, kuutazama. Akiridhika, harusi za ofisini kwao zote zangu. Deki za video ninazo mbili. Televisheni sina, yangu ilitoa moshi Ijumaa. Halfani, mpiga video mwenzangu, kaniambia nikahariri kwake, ana kioo cha rangi, televisheni ya kutazamia kazi. Bure! Anataka kuiba ufundi wangu. Nimekataa kwa adabu.

Jumanne, 2 Juni
Ofisi moja inauza kompyuta mbovu. Nimenunua skrini peke yake, kwa bei ya kuku wawili. Halfani kanionya kuwa haina tundu la waya wa video. Wivu tu.
Jioni. Haina tundu.

Jumatano, 3 Juni
Asma wa saluni kachukua skrini apambie kaunta, kanipa televisheni yake ndogo. Picha safi. Ni nyeusi na nyeupe tu, lakini rangi zimo ndani ya mkanda, haziendi popote.

Ijumaa, 5 Juni
Dorothea alionekana amefifia. Nimezungusha vifundo vyote vya kisanduku changu cha kurekebishia rangi za video mpaka akang'ara. Halfani kapita, kauliza nitajuaje nimeweka rangi ipi. Nimemjibu fundi huona kwa moyo. Mkanda nimeukagua mara tisa. Siwezi kutulia.

Jumapili, 7 Juni
Sebule ilijaa. Nikatoa shikamoo kila kiti. Mkanda ukaanza. Bwana harusi kijani. Padri kijani. Dorothea kijani kuliko wote, anakata keki ya zambarau. Bibi mmoja wa Haneti akauliza taratibu kama bibi harusi aliumwa siku ile.
Mzee Batholomeo hakupandisha sauti. "Castory, huyu ni mwanangu?"
Nikajibu ndiye, nikamwonyesha pete.
Dorothea akatoka nje, anafuta macho. Hapo niliona aibu hasa. Chai sikumaliza.

Jumatatu, 8 Juni
Mikanda kapewa Halfani. Kaja mwenyewe kuniomba tuihariri pamoja kwake, jina langu liwemo. Nilikaribia kukubali. Lakini kuna mfanyabiashara wa ng'ombe huko Chemba anauza televisheni kubwa ya rangi, rahisi mno, maana inaonyesha kila kitu chekundu. Nyekundu hiyo juu ya kijani changu, si vitasawazishana? Nimemwambia Halfani asiguse kitu mpaka nirudi. Basi linaondoka saa mbili.