Unga wa Chuma Kwenye Sukari

Ugomvi ulianzia kwenye redio ya kinyozi. Ilitangaza asubuhi ile kwamba vitu vyote duniani, mkwe wako akiwemo, vimetokana na elementi mia na ushee tu. Kinyozi, ambaye wenzake humwita Profesa kwa sababu wateja wake hawawezi kukimbia wembe, akatoka nje, akakung'uta shuka la kunyolea, kisha akaketi kwenye benchi la Mama Kahawa, muuza kahawa wa hapo nje, na kutangaza kuwa kahawa nayo ni elementi.

"Kahawa hii?" akauliza Mwalimu mstaafu. "Ina maji, ina buni, ina sukari. Huo ni mchanganyiko, Profesa. Maji yenyewe ndani yake ni kampaundi. Haidrojeni na oksijeni zimeoana humo, huzitengi kwa kijiko."

Cheche, fundi wa kuchomelea wa jirani, alikuwa akicheka kuliko wote hadi Mama Kahawa alipolisogeza kopo la sukari. Juu ya sukari palikuwa na vumbi jeusi linalometameta. Kicheko kikamkauka Cheche. Tangu alfajiri alikuwa akikata nondo kwa grainda, na upepo ulivuma kuelekea benchini.

Mama Kahawa hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Cheche.

"Mwanangu, hicho ulichoshika ni kikombe chako cha mwisho hapa. Kuanzia kesho kanywe nyumbani kwako."

Cheche alihisi uchungu kweli. Benchi lile ndilo lililomliwaza alipofiwa na mama yake, na hata hilo jina la Cheche alipewa palepale. Profesa hakumwonea huruma. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, sukari itupwe na mkosaji ahame, tena aombe radhi kwa kila mnywaji.

Mwalimu akakataa. Alieleza kuwa katika mchanganyiko kila kitu hubaki na tabia yake, chuma ni chuma na sukari ni sukari, kwa hiyo hutenganishika.

"Ila fanyeni hima," akaongeza. "Sukari huvuta unyevu. Chuma kikishika kutu kimeshaoana na oksijeni, ni kampaundi, na sumaku haitakuwa na habari nacho."

Cheche hakungoja amalize. Alikimbilia karakana, akabandua sumaku kwenye spika mbovu, akaivika mfuko safi wa nailoni. Mama Kahawa akamwaga sukari kwenye sinia. Sumaku ilipopita juu yake, unga wa chuma uliruka wenyewe ukaganda kwenye nailoni kama ndevu. Benchi zima likashangilia.

"Haya, keti, baba," Mama Kahawa akasema, na Cheche akapumua.

Lakini sinia halikuwa safi. Vilibaki vitu vyeusi vidogo. Cheche akapitisha sumaku mara ya pili, mara ya tatu, havikutikisika. Mwalimu akavaa miwani, akaokota kimoja, akakiweka kwenye kisosi cheupe. Kilikuwa kifupi, kimejikunja. Cha pili kilikuwa na mvi nchani.

Macho yote yalihamia kwenye lile shuka begani kwa kinyozi.

"Profesa," Mama Kahawa akauliza taratibu, "na hii ni elementi gani?"

Profesa akainuka, akasema kuna mteja anamwita. Mlangoni kwake hapakuwa na mtu, ila redio.