Mkwe, Bintiyo Amelinyamazisha Gari Langu

Tukuyu, Mbeya

Kwa Mzee Bartholomeo,
Idodi, Iringa.

Mkwe wangu mpendwa,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, mvua haikatiki na migomba inazaa. Ninakuandikia kwa heshima zote, ila kwa moyo uliochafuka, kumshitaki binti yako Benedicta, mke wa mwanangu Lugano. Nilipokwenda msibani Chunya nililiacha gari langu kuukuu likiwa na tabia zake zote. Niliporudi, mauntingi za injini, ile mipira inayoishika isirukeruke, zilikuwa mpya. Mke wangu Sekela amekiri kwamba binti yako aliingia uvunguni mwenyewe, akaweka kipande cha mbao juu ya jeki asije akabonyeza sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akainua injini, akafungua mipira iliyopasuka na kulowa oili, akafunga mingine. Lugano alikuwa kazini Mgololo, kwa hiyo hana hatia. Mwenye hatia ni wewe, uliyemlea mtoto wa kike gereji.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanakwaya. Zamani nikiwapa lifti walikuwa wakiomba kushuka njiani, wakisema meno yanawauma. Sasa wanapanda wote, pamoja na ngoma zao.

2. Sekela alikuwa akinisikia tangu njia panda. Juzi nimeingia kimya kimya nikamkuta na firigisi mdomoni. Firigisi yangu, Mkwe! Miaka yote ananiambia kuku wa siku hizi hawana firigisi.

3. Hili ndilo kubwa. Unaijua mila yetu ya Kinyakyusa: baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Mimi ni mtu wa kale, na Benedicta, ingawa ni Mhehe, ameishika mila hiyo kuliko mabinti wetu. Gari langu ndilo lililokuwa likinipigia hodi. Likianza kutetemeka kule konani, boneti ikigonga na dashibodi ikipiga makofi, yeye anajua, anaingia ndani. Tumeishi hivyo tangu aolewe. Ninamjua kwa kikohozi chake na kwa chumvi ya mboga zake. Jumamosi nikatokea bila sauti, nikamkuta bombani na ndoo kichwani. Ndoo ikaanguka. Yeye akakimbilia migombani, na mimi, mzee wa kanisa mzima, nikajikunja juu ya usukani hadi kichwa kikabonyeza honi. Honi ikalia mfululizo, majirani wakatoka wakidhani ni harusi.

4. Kabla sijajikunja nilikuwa nimeshamwona. Ana pua yako. Hakuna aliyewahi kuniambia. Mkwe, iliniuma sana kwamba mtu aliyelala kwenye tope kwa ajili ya gari langu siwezi hata kumwambia ahsante. Kwa hili sijui nimshitaki nani, basi nalo nimekuwekea wewe.

Kwa hiyo ninaomba Benedicta airudishe ile mipira ya zamani. Sekela anasema mbwa ameshaitafuna. Kama ndivyo, nyie wenye ng'ombe nitumieni kengele kubwa ya dume niifunge kwenye bampa, ili adabu irudi nyumbani kwangu. Nisipoipata nitalifikisha jambo hili kwa wazee wa ukoo, na ikibidi kwa askofu wako, kwa maana wewe ni Mkatoliki na wangu atacheka.

Nisalimie mama Benedicta, wajukuu, jirani zako wote, na huyo dume atakayevuliwa kengele.

Ni mimi mkweo mwenye kero,
Abrahamu

N.B. Tazama mwandiko wangu ulivyonyooka. Barua yote nimeiandika ndani ya gari, injini ikiunguruma, nikimsubiri Benedicta alete spana. Alimtuma Sekela aniambie kwamba nati hukazwa tena injini ikishatulia mahali pake, na kwamba ni lazima alisikilize gari likitembea. Alipofika alipanda nyuma, akajifunika khanga usoni. Nimemwita mwenyewe, kwa mdomo wangu, aje akae mbele, maana huko nyuma injini haisikiki vizuri. Na ahsante nimemwambia. Kengele mwachie ng'ombe.