Malalamiko Dhidi ya Jirani Anayeomba Radhi Kupita Kiasi

Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji,

YAH: UHARIBIFU WA UZIO WA MPAKA UNAOFANYWA KWA ADABU

Nakusalimu kwa heshima, ingawa kwa umri mimi ndiye wa kuitikia shikamoo. Nilikufundisha darasa la tano na nakumbuka hukuwa na tabia ya kumaliza aya ndefu, kwa hiyo hoja zangu nimezipa namba.

Kwanza nikukumbushe jambo unalolijua. Kati ya kihamba changu, shamba hili la ukoo, na cha jirani yangu Remigius hakuna ukuta wala bikoni. Kuna masale tu, mimea ya majani marefu iliyopandwa na marehemu baba. Masale hayo ndiyo uzio na ndiyo hati yangu. Kihamba nimeamua kumwachia binti yangu Magdalena, na wapo baba zake wadogo wanaosubiri nifumbe macho ili waulize mpaka ulipita wapi. Wakikuta pengo, watalijaza wapendavyo.

1. Mwezi wa tatu ndama wa Remigius alikata kamba akapita katikati ya masale yangu kama mgeni rasmi. Alivunja mengi. Kwa hili sina kinyongo na ndama.

2. Jioni Remigius alikuja, kofia mkononi, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Nimekosa, baba yangu. Nimekuja na isale." Mila yetu unaijua: ukiletewa jani la isale hutasamehe kwa kupenda, utasamehe kwa lazima. Nikasamehe. Alipoondoka ndipo nikajiuliza jani lile amelitoa wapi, maana nyumbani kwake hakuna isale hata moja. Nikaenda kuangalia. Alikuwa amelichuma kwenye uzio wangu, pembeni mwa pengo, na pengo limeongezeka.

3. Kesho yake nilimwita, nikamweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza ninyi hesabu za sehemu kwa kukata chungwa, kwamba huwezi kuomba radhi ya uzio kwa kutumia uzio wenyewe. Aliona aibu sana. "Kumbe nimekukosea tena, Mwalimu! Subiri hapo hapo." Akatoka mbio. Akarudi na isale.

4. Tangu hapo uzio wangu umekuwa ghala la toba la kitongoji kizima. Remigius aligombana na mkewe Mektrida kuhusu maziwa, akachuma. Alimwita katibu wa jumuiya mlafi, akachuma. Desemba, ndugu zake walipopanda kutoka Dar es Salaam kula sikukuu na kugombana kama kawaida yao, alisimama kwenye pengo langu akiwagawia majani kama Jumapili ya Matawi. Shemeji yake mmoja alichuma na la akiba. "Hili ni la Pasaka," akasema, "mimi najijua."

5. Mimi mwenyewe nimeharibika. Sijafanikiwa kukasirika hata wiki moja kamili. Hasira ikianza tu kukomaa, mtu amefika na jani. Mke wangu Yuditha anapewa hongera kanisani kwamba mumewe amekuwa mpole. Sikuomba upole. Niliomba uzio.

Usidhani namchukia. Angekuwa mtu mbaya, asiyejutia chochote, leo masale yangu yangekuwa mazima. Tatizo langu ni jirani mwema, na sheria ndogo za kijiji haziko tayari kwa tatizo la namna hiyo. Kwa hiyo naomba ofisi yako iamue:

(a) Remigius azuiwe kuomba radhi msimu mzima wa mvua. Akikosa, abaki na kosa lake nyumbani, kama sisi wengine tunavyobaki na yetu.

(b) Apande masale yake mwenyewe, na mpaka yatakapokua asikose. Ikibidi akose, awakosee wanaosamehe kwa simu.

(c) Nipewe kibali cha maandishi cha kutosamehe. Nitakitundika mlangoni, mahali atakapokisoma kabla hajavua kofia.

Nisalimie mama yako, mgambo, na wazee wote wa baraza, hata yule anayesinzia. Msalimie na Remigius pia. Leo nimekutana naye mara moja tu, na kahawa ilikuwa ya kwake.

Wako katika ulinzi wa kilichobaki,

Mwl. Melkior Tarimo (mstaafu)

Tanbihi: Barua hii imechelewa. Jana nilikuwa naisoma kwa sauti ili niisahihishe, na Remigius alikuwa upande wa pili akikata majani ya ng'ombe. Alisikia yote mpaka (c). Aliingia ndani akafunga mlango. Yuditha akaniambia, "Baba Magdalena, umemuumiza mtu. Unajua cha kufanya." Nilijua. Kwa kuwa upande wangu halijabaki jani la kumpelekea mtu mzima, nilipita kwenye pengo nikachuma kwenye shina lililoegemea kwake, nikalivuta kwa haraka, likang'oka na mzizi. Amenisamehe, ilikuwa lazima. Kuhusu urithi wa Magdalena, Remigius ameapa mbele ya Yuditha kwamba wale baba wadogo wakija atawaonyesha mpaka hatua kwa hatua, maana hakuna anayeujua kumshinda: ameuchuma wote kwa mkono wake. Imebaki habari ya lile shina, ambalo sasa ni yeye wa kulilalamikia. Basi barua usiitupe. Badilisha majina tu, Remigius ataihitaji.